Kuchanganya dawa za mimea na za madini kulinda nafaka ghalani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuvuna na kukausha, ambaye hataki kumimina sumu ya dukani kwenye chakula chake, lakini pia hataki kufungua gunia baada ya miezi minne akute unga na maganda. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hukosea.

Kwa nini nichanganye? Dawa moja haitoshi?

Mara nyingine inatosha. Nafaka iliyokauka vizuri, iliyowekwa kwenye ghala safi kwa miezi miwili au mitatu tu, inaweza kulindwa na unga wa madini peke yake, na hakuna haja ya kujiongezea kazi. Kuchanganya kunaleta faida pale dawa moja inapokuwa na upungufu ambao nyingine inaweza kuuziba.

Madini hayaozi, hayapeperuki, wala hayavunjwi na joto. Yaliyowekwa leo yatakuwepo mwakani. Tatizo lake ni uvivu: yanaua kwa siku kadhaa, hata wiki mbili na zaidi, na muda wote huo fukusi jike anaendelea kutaga. Dawa za mimea ziko kinyume. Pareto humwangusha mdudu ndani ya dakika au saa chache, mafuta yenye harufu kali humfukuza, na mwarobaini humkatisha hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake. Lakini nguvu hiyo hupungua wiki hadi wiki, mpaka ibaki harufu tu, au isibaki hata hiyo.

Kwa hiyo tunachotafuta ni mmoja afanye kazi ya siku za mwanzo na mwingine ashike zamu ya miezi inayofuata. Hilo likitimia, mara nyingi unaweza pia kupunguza kiasi cha kila dawa. Lisipotimia, umepoteza dawa mbili badala ya moja.

Udongo wa daiatomu ni nini, na unamuuaje mdudu?

Daiatomu ni viumbe vya jamii ya mwani, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi majini na kujijengea magamba ya silika, madini yanayopatikana pia kwenye mchanga. Vikifa, magamba huzama na kurundikana chini ya maziwa na bahari. Baada ya muda mrefu sana rundo hilo huwa mwamba mwepesi mweupe, ambao huchimbwa na kusagwa uwe unga laini. Kila chembe ya unga huo ina matundu mengi, na matundu hayo ndiyo yanayofanya kazi.

Mdudu wa ghalani anaishi kwenye chakula kikavu na hana mahali pa kunywa. Maji aliyo nayo mwilini anayahifadhi kwa tabaka jembamba la nta lililofunika gamba lake. Akipita kwenye nafaka iliyopakwa unga wa daiatomu, chembe humng'ang'ania, zinafyonza ile nta, na kwa kiasi kidogo zinamkwaruza. Maji yanaanza kumtoka. Akishapoteza karibu asilimia 30 ya uzito wake, anakufa. Hapa hakuna sumu ya mishipa wala ya tumbo. Anakauka tu.

Ukilielewa hili, mengine yote yanafuata. Mdudu lazima atembee ndipo aokote unga. Hewa lazima iwe kavu ndipo maji yamtoke. Na unga wenyewe lazima ubaki mkavu ndipo uweze kufyonza.

Je, majivu, chokaa au mchanga vinaweza kuchukua nafasi yake?

Majivu yaliyochekechwa yamelinda nafaka na kunde kwa vizazi vingi, na yanafanya kazi. Ila yanatakiwa mengi zaidi: wakati udongo wa daiatomu hupimwa kwa gramu kwa kilo ya nafaka, majivu hupimwa kwa vikombe. Sehemu ya kazi yake ni kujaza nafasi kati ya punje, mdudu akose njia ya kupita na mahali pa kutagia. Mchanga mkavu laini hufanya vivyo hivyo. Kaolini na zeolaiti ni madini mengine yanayotumika, na mara nyingi ni dhaifu kuliko daiatomu kwa kipimo kilekile.

Lakini kuna jambo ambalo nadra kusikia likisemwa. Majivu na chokaa ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Azadiraktini, ambayo ndiyo kiambato kikuu cha mwarobaini, hudumu vizuri katika mazingira yenye asidi kidogo na huvunjika haraka kwenye alkali. Viambato vya pareto pia huharibiwa na alkali. Mtu anayekoroga unga wa mbegu za mwarobaini na majivu mabichi yenye unyevu, akaacha kwenye ndoo hadi kesho, anaweza kuwa amekwisha kuiua dawa yake kabla haijakutana na mdudu hata mmoja. Katika nafaka kavu kabisa uharibifu huo ni wa polepole, lakini ukiwa na uhuru wa kuchagua, mwarobaini na pareto zipelekwe kwa daiatomu, kaolini au zeolaiti, na majivu yaachwe yafanye kazi peke yake.

Chokaa sipendi kuishauri kwa nafaka ya kula. Inaunguza macho na ngozi, na kuisafisha ni kazi. Kupaka kuta za ghala tupu kwa chokaa ni jambo jingine, nalo ni jema.

Mimea ipi inafaa?

Mwarobaini ndio unaotajwa zaidi, na watu wengi hutumia majani kwa sababu yapo karibu. Nguvu kubwa iko kwenye kiini cha mbegu. Majani yana kiasi kidogo, ndiyo maana unahitaji mengi zaidi ili upate matokeo yanayofanana. Mwarobaini haumuui mdudu mzima papo hapo, kwa hiyo usihukumu kazi yake kwa kuhesabu mizoga ya siku ya tatu. Kazi yake utaiona kwenye kizazi kinachofuata: mayai machache, mabuu yasiyofika utu uzima. Mbegu zikaushwe kivulini na ziwe safi. Mbegu za mwarobaini zilizorundikwa zikiwa mbichi huota ukungu, na ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, ile sumu unayoikimbia kwenye mahindi.

Pareto ni maua yaliyokaushwa na kusagwa. Ndiyo yenye kasi kuliko zote katika orodha hii, na pia ndiyo inayochoka haraka ikipigwa na mwanga. Ihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha mwanga wala hewa. Mwaka 1940 iligunduliwa kwamba mafuta ya ufuta huongeza nguvu ya pareto, kwa sababu yana viambato vinavyozuia mwili wa mdudu kuivunja sumu hiyo. Viongeza nguvu vinavyotumika leo katika dawa za pareto za viwandani vilitokana na ugunduzi huo. Inanifurahisha kwamba somo zima la dawa kusaidiana linaanzia kwenye mafuta ya kupikia.

Kivumbasi, karafuu, mkaratusi na mchaichai hufanya kazi kwa mafuta yao yenye harufu. Mvuke wa mafuta hayo hufika mahali ambapo unga hauwezi kufika, na unaweza kudhuru hata mayai yaliyo wazi. Katika gunia la kawaida mvuke huo hutoka ndani ya siku chache.

Utupa, yaani Tephrosia vogelii, una nguvu kweli dhidi ya bungua wa kunde na maharage, lakini nguvu hiyo inatokana na rotenoidi, ambazo huua samaki na si salama kwa binadamu. Isitoshe, miti ya utupa inayofanana kwa macho hutofautiana kikemia: mingine ina rotenoidi, mingine haina kabisa, na ndiyo maana jirani mmoja huusifu na mwingine huulaani. Ushauri wangu ni utumike kwa mbegu za kupanda tu. Tumbaku usiiguse kabisa kwa nafaka ya kula, kwa maana nikotini ni sumu kali kwa watu.

Kisayansi, madini na mimea vinasaidianaje?

Njia ya kwanza ni kufungua mlango. Nta ile inayozuia maji yasitoke ndiyo pia inayozuia sumu isiingie. Daiatomu ikishaifyonza, viambato vya mmea hupenya kwa urahisi zaidi.

Njia ya pili ni mwendo. Pareto kwa kipimo kidogo humtia mdudu kiherehere, anahangaika na kukimbiakimbia, na kila hatua anaokota unga zaidi.

Ya tatu ni ubebaji. Chembe za madini zenye matundu huweza kushika mafuta ya harufu na kuyaachia polepole, kwa hiyo dawa ambayo ingepeperuka kwa siku tatu inadumu zaidi. Kaolini imetumika sana kwa namna hii.

Na vinaweza kupingana?

Ndiyo, na hili linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Ukimwaga mafuta, yawe ya kula au ya mwarobaini, kwenye udongo wa daiatomu, matundu yaliyokusudiwa kufyonza nta ya mdudu yanajaa mafuta hayo. Unga unashiba kabla ya kazi kuanza. Ndiyo maana ni lazima uamue mapema: je, madini haya nayataka yaue, au yabebe? Ukiyataka yaue, yachanganye na unga mkavu wa mmea. Ukiyataka yabebe, chagua kaolini au zeolaiti, na usitarajie yakaushe wadudu kwa nguvu ileile.

Kupingana kwa pili ni kwa tabia. Dawa inayomlaza mdudu bila kumuua humzuia kutembea, na mdudu aliyelala haokoti unga. Anaweza kuzinduka kesho yake akiwa mzima. Vivyo hivyo, harufu kali inayomfukuza kutoka sehemu iliyotiwa dawa inamwelekeza kwenye sehemu isiyotiwa, kama gunia halikuchanganywa sawasawa.

Nitajuaje kama mchanganyiko wangu unasaidiana au unapingana?

Kwa kuujaribu kwenye chupa kabla ya kuupeleka kwenye magunia. Huhitaji maabara. Unahitaji chupa 12 za mdomo mpana, kitambaa chepesi cha kufungia midomo, mizani, chekeche, na uvumilivu wa takriban miezi miwili.

Gawa chupa katika makundi manne, kila kundi chupa tatu: nafaka bila dawa, nafaka yenye madini tu, yenye mmea tu, na yenye vyote viwili. Tumia nusu ya kipimo cha kawaida kwa kila dawa. Hili ni muhimu. Ukitumia kipimo kamili na kila dawa ikaua wadudu 98 kati ya 100, huwezi kuona kama kuchanganya kumeongeza chochote. Kwa kuwa kupima robo gramu ni shida, pima dawa kwa kilo mbili za nafaka, changanya barabara, kisha gawa gramu 250 kwa kila chupa. Nafaka iwe safi, isiyo na wadudu ndani. Weka fukusi 30 walio hai katika kila chupa, wakitoka kundi moja.

Baada ya siku 7 na 14, chekecha na kuhesabu waliokufa. Chupa zisizo na dawa nazo zitakuwa na vifo, na lazima uvitoe kwenye hesabu kwa kanuni ya Abbott ya mwaka 1925. Tuseme kwenye nafaka isiyo na dawa wamekufa asilimia 8, na kwenye yenye dawa asilimia 54. Toa 8 kwenye 54 upate 46. Toa 8 kwenye 100 upate 92. Gawa 46 kwa 92: dawa yako imeua asilimia 50, si 54.

Kisha swali lenyewe. Chukulia madini peke yake yameua asilimia 40 na mmea peke yake asilimia 30. Wengi husema mchanganyiko unapaswa kuua 70. Sivyo. Kati ya wadudu 100, madini yanaua 40, wanabaki 60. Mmea unaua 30 katika kila 100, kwa hiyo katika hao 60 utaua 18. Jumla ni 58. Mchanganyiko ukiua karibu na 58, kila dawa imefanya kazi yake bila kumsaidia mwenzake wala kumzuia. Ukiua 80, zimesaidiana. Ukiua 45, zimepingana, na hata kama 45 ni zaidi ya 40, huo si ushindi.

Usiishie hapo. Siku ya 14 toa wadudu wote uliowaweka, wafu na walio hai, rudisha nafaka kwenye chupa, na subiri hadi siku ya 55 hivi. Fukusi wa mahindi huchukua takriban wiki tano kutoka yai hadi mdudu mzima katika joto la nyuzi 27. Wale wapya utakaowakuta ni watoto wa kundi la mwanzo, na idadi yao ndiyo itakayokuambia gunia lako litakuwaje. Mimi nikilazimika kuchagua hesabu moja kati ya vifo na watoto, nachagua watoto.

Vipimo vya kuanzia ni vipi?

Kwa daiatomu, fuata kibandiko cha bidhaa. Nyingi huangukia kati ya gramu 500 na kilo tatu na nusu kwa tani ya nafaka. Kilo moja kwa tani ni sawa na gramu moja kwa kilo, au gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Unga wa kiini cha mbegu za mwarobaini hutumika kwa kilo moja hadi mbili kwa kila kilo 100 za nafaka. Kwa pareto na bidhaa nyingine zilizotengenezwa, kibandiko ndicho bosi, kwa sababu kiasi cha kiambato hutofautiana kutoka bidhaa hadi bidhaa.

Mwaka wa kwanza wa kuchanganya, usipunguze vyote viwili kwa mara moja. Acha madini kwenye kipimo kamili, punguza mmea. Madini ndiyo yatakayokuwepo bado baada ya miezi sita.

Nachanganyaje kwa vitendo?

Kwanza changanya unga kwa unga: madini na mmea, vyote vikiwa vikavu, ndani ya ndoo yenye kifuniko, tikisa hadi rangi iwe moja. Tandaza turubai safi kivulini. Mwaga nafaka, nyunyizia sehemu ya unga, geuza kwa koleo, nyunyizia tena, geuza tena. Ukichota kiganja cha nafaka kutoka popote, kila punje iwe na vumbi jepesi. Sehemu moja yenye unga mwingi na nyingine isiyo nao ni sawa na kuwaachia wadudu chumba cha wageni.

Fanya hivyo siku isiyo na upepo, na ujaze magunia siku hiyohiyo. Magunia ya zamani yakung'utwe na kuanikwa juani kwanza, na masalia ya msimu uliopita yatolewe ghalani hadi punje ya mwisho, kwenye nyufa na chini ya chaga. Wadudu wa mwaka huu mara nyingi ni wale wa mwaka jana waliokuwa wakisubiri pale.

Nafaka iwe kavu kiasi gani?

Asilimia 13 ya unyevu au chini yake, na kwa daiatomu, kadiri inavyokaribia 12 ndivyo kazi inavyokuwa nzuri. Kama huna kipima unyevu, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu kidogo na nafaka mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka imezidi asilimia 15 na bado ina safari juani. Isipoganda, iko chini ya 15, lakini hilo halimaanishi imefika 13, kwa hiyo ongeza siku moja ya jua.

Mahali penye hewa nzito ya unyevu mwaka mzima, unga wa madini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na hapo ndipo mmea unapobeba mzigo mkubwa zaidi.

Wadudu wamekwisha kuingia. Nikichanganya sasa, nitawaokoa waliobaki?

Utapunguza wanaotembea. Fukusi hutoboa punje, hutaga ndani na kuziba tundu, na buu huishi humo hadi awe mdudu kamili. Wakati huo wote hakuna unga unaomgusa. Kwa hiyo ukitia dawa leo, wiki ijayo utaona wadudu wapya, na wiki ya tatu pia. Hawa walikuwa ndani. Dawa inawasubiri mlangoni, na ikiwa mchanganyiko umedumu, hawatafika mbali.

Kama kila kiganja kina punje zilizotobolewa, usitegemee unga. Chekecha, tenga zilizoharibika, anika kwa jua kali kwa tabaka jembamba, ndipo utie dawa kwenye zilizobaki.

Je, mchanganyiko unamweza dumuzi?

Dumuzi, Prostephanus truncatus, ni mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na baadaye kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Ni mgumu kwa unga wa madini kuliko fukusi, kwa kuwa hutumia muda mwingi ndani ya mashimo anayochimba. Hapa kuchanganya kuna maana zaidi kuliko kwa mdudu mwingine yeyote, hasa madini na pareto. Na kuna hatua moja inayosaidia sana bila dawa: pukuchua mahindi. Dumuzi hupenda mahindi yaliyo bado kwenye magunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa egemeo la kuchimbia. Punje zilizolegea humsumbua.

Wadudu wengine nao hawalingani: wale wadogo bapa wa jamii ya Cryptolestes hufa upesi kwa daiatomu, fukusi wako katikati, na mdudu mwekundu wa unga, Tribolium castaneum, ni miongoni mwa wavumilivu zaidi. Mjue adui yako kabla ya kupima dawa.

Kunde na maharage zinahitaji mchanganyiko huohuo?

Si lazima. Bungua wa kunde hugundisha mayai yake juu ya ganda la mbegu, nje kabisa, na hapo mafuta ya kula yana nafasi ya pekee: mililita 5 kwa kilo, zikisuguliwa hadi kila mbegu ing'ae, huziba pumzi ya yai na kulizuia kuangua. Lakini, kama nilivyoeleza, mafuta na daiatomu haviendi pamoja. Chagua kimoja. Kwa kunde kidogo za kula nyumbani, mafuta yanatosha. Kwa akiba kubwa, unga mkavu ni rahisi zaidi kuusambaza.

Ni salama kula nafaka hiyo?

Udongo wa daiatomu uliokusudiwa nafaka una silika isiyo na umbo la fuwele, na ukipeta na kuosha nafaka unatoka kwa sehemu kubwa. Kuna aina nyingine, ile iliyochomwa kwa moto mkali kwa ajili ya kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea. Hiyo ina silika ya fuwele kwa wingi. Vumbi lake likivutwa huleta ugonjwa wa mapafu na saratani, na halitakiwi kukaribia nafaka kabisa. Ukiuziwa unga mweupe usio na kibandiko, usiuchukue.

Mwarobaini huacha uchungu usipooshwa. Mafuta yake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto kama dawa nyingine yoyote. Neno asilia halimaanishi salama. Rotenoidi za utupa na nikotini ya tumbaku ni za asili pia.

Anayechanganya ndiye aliye hatarini zaidi kuliko anayekula. Avae barakoa inayobana uso vizuri, miwani na glavu, na mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii. Kama nafaka ni ya kuuza, hakikisha kila kilichomo kimesajiliwa kwa matumizi hayo katika nchi yako, na kwamba mnunuzi anajua. Vumbi la daiatomu hupunguza uzito wa nafaka kwa ujazo na kuifanya isitiririke vizuri, na wanunuzi wengine huishusha daraja kwa ajili hiyo.

Na mbegu za kupanda?

Daiatomu haidhuru uotaji. Mafuta yakizidi yanaweza kuudhuru. Mbegu zilizotiwa utupa ziandikwe wazi kwa rangi au alama isiyofutika, zisije zikaishia sufuriani kwa bahati mbaya wakati wa njaa.

Nikitumia mifuko isiyopitisha hewa, bado nahitaji unga?

Kwa kawaida hapana. Wadudu waliofungiwa humaliza oksijeni wenyewe na kufa. Mfuko ukitoboka kinga hiyo inapotea, na dumuzi ana meno ya kutosha kutoboa. Vumbi kidogo nje ya mfuko na kwenye sakafu chini yake lina maana zaidi kuliko ndani.

Wadudu wanaweza kuwa sugu?

Usugu dhidi ya fosfini, gesi inayotumika kufukiza nafaka, umeonekana katika nchi nyingi, na wadudu waliozoea dawa za viwandani za jamii ya pareto wanaweza kuivumilia pareto yenyewe pia. Kwa madini ni vigumu zaidi, maana mdudu hawezi kuvunja kikemia kitu kinachomkausha. Hata hivyo, yapo makundi ya Tribolium yaliyopimwa yakaonekana kuvumilia daiatomu zaidi ya wenzao, kwa kupoteza maji polepole na kuikwepa. Dawa mbili zenye njia tofauti za kuua hufanya kazi ya mdudu kuzoea iwe ngumu.

Mchanganyiko unazuia ukungu na sumukuvu?

Hapana. Ukavu ndio unaozuia.

Nimetia dawa vizuri, baada ya miezi mitatu naona wadudu hai. Niongeze?

Chunguza kwanza. Chota nafaka kutoka juu, katikati na chini ya gunia, chekecha kila sampuli peke yake, hesabu walio hai na waliokufa. Wakiwa hai juu tu, wanaingia kutoka nje: safisha ghala na tia vumbi jipya kwenye tabaka la juu. Wakiwa hai kila mahali, shika kiganja cha nafaka na uifikiche. Ikiwa vumbi limepotea, halikusambazwa vizuri. Ikiwa vumbi lipo lakini limeshikana kama uji uliokauka, nafaka imevuta unyevu, na kuongeza unga juu yake ni kutupa dawa. Anika kwanza, pima kwa chumvi, ndipo utie upya, na safari hii tia mmea mpya kwa kipimo kamili, lakini madini kwa nusu ya kipimo tu, kwa kuwa madini ya mwanzo, yakikauka, bado yanaweza kufanya kazi.